Ufunguo Uliobatizwa

Ukifika kwenye kibanda cha Pelagia na kitu kilicholowa maji, usitegemee salamu. Atakutazama mikononi kwanza, kisha atauliza swali moja tu: betri limetolewa? Wateja waliomzoea hujibu haraka. Wageni hununa, wakidhani mama huyu hakufunzwa adabu kwao, na wapo wanaomwambia "mwakeye" kwa sauti ya kumkumbusha kuwa watu husalimiana. Hapo ndipo anapoitikia, tena kwa uchangamfu, akauliza habari za watoto na za mashamba, lakini mikono yake imeshalichomoa betri zamani na kuliweka pembeni. Kwake yeye adabu huja baada ya betri.

Kibanda kiko Kasulu mjini, nyuma ya soko, kati ya fundi cherehani na muuza mbegu. Kwenye ubao wa mlangoni ameandika REDIO, SIMU, RIMOTI ZA MAGARI, na maneno ya mwisho yana rangi mpya kuliko mengine. Redio alizirithi. Baba yake, mzee Ndayiragije, alivushwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia huku, akapata uraia huku, na kazi ya redio aliianza kwa sababu watu waliokimbia naye walikuwa hawali wakashiba bila kusikia habari za walikotoka. Pelagia alikulia chini ya meza ya baba yake akiokota skrubu zilizoanguka. Simu zilipoingia akazifuata. Kisha yakaja magari yasiyotaka ufunguo ushikwe, na hapo mafundi wengi wa mji wakainua mikono.

Gari la namna hiyo ufunguo wake ni kidude cheusi, kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichokwisha nusu. Kinakaa mfukoni. Unashika kitasa cha mlango, mlango unafunguka wenyewe. Unaketi, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inaunguruma. Raha tupu, na ndiyo maana watu huwalilia ndugu zao wa mjini wawaagizie magari hayo kutoka Japani. Ubaya wake ni kwamba mwenye gari anasahau kabisa kuwa ana ufunguo. Ufunguo wa zamani ulikuwa unakuchoma paja ukikaa. Huu mpya hausumbui, na Pelagia hupenda kusema kwamba vitu visivyosumbua ndivyo vinavyofuliwa pamoja na suruali.

Basi huletewa funguo za kila aina. Zilizofuliwa, zikaanikwa pamoja na suruali. Zilizonyeshewa kwenye bodaboda kutoka Muyama, maana mvua ya huku milimani ikikukuta njiani haiulizi umevaa nini. Zilizotumbukia choo cha shimo zikaopolewa, na wenyewe wakaapa kwamba ziliangukia kwenye ndoo. Pelagia hucheka na kuosha. Hakudhani hata siku moja kwamba ule wa kumtoa jasho ungetoka nyumbani kwake.

Mumewe, Melkiadi, ni dereva, na kwa miaka mingi alikuwa mwongo. Tuseme hivyo hivyo bila kuzunguka, kwa kuwa yeye mwenyewe sasa husema. Hakuwa mwongo wa kudhulumu mtu. Alikuwa mwongo wa kupendeza, wa kukufanya usahau kuwa ulikuwa umemkasirikia. Alipochelewa harusi ya shemeji yake, alisema ng'ombe alizalia katikati ya barabara kule Gwarama, na kwamba yeye ndiye aliyemshika ndama akitoka, na ndama akapewa jina lake. Watu walicheka mpaka wakamwongezea nyama. Pelagia naye alicheka, kisha usiku huo hakupata usingizi, kwa sababu hakujua kama aliyemwoa alikuwa amewahi kumwambia neno moja la kweli.

Miaka ile Melkiadi aliendesha malori makubwa. Alikuwa akienda Dar es Salaam, akienda Tunduma, na nyumbani aliingia kama mgeni aliyekuja kuazima jembe. Alikuwa akipiga simu na kusema, "Niko Kibondo, nakaribia," na Pelagia anabandika maharage. Maharage yanaiva, yanapoa, watoto wanalala, na Melkiadi yuko Singida. Ikafika mahali, akisema yuko Kibondo, mkewe anamwomba ampe simu mtu yeyote aliye karibu naye ili amuulize hapo ni wapi. Mara nyingine alimpa mtu, na mtu huyo naye akasema ni Kibondo. Madereva ni watu wa kusaidiana.

Kisha akapata kazi kwa Bi Asmahani. Huyu ni mfanyabiashara wa maharage, mama wa Kiislamu, kwao Ujiji, amekaa Kasulu miaka na mikaka na ana ghala jingine Kibondo. Ni mkavu, hana maneno mengi, na madereva kadhaa walikwisha onja mlango wake wa kutokea. Kwa Melkiadi kazi hiyo ilikuwa ya kwenda Kibondo na kurudi, na jioni kulala nyumbani. Watoto walimzoea. Mdogo alianza kumwita baba badala ya kumwita Melkiadi kama alivyokuwa akimsikia mama yake anavyomwita kwenye simu. Pelagia alimwombea Bi Asmahani afya njema kila alipopiga magoti, na hofu yake kubwa ilikuwa moja: kazi hii ikipotea, Melkiadi atarudi kwenye malori, na malori yatamrudishia yule mtu wa Singida.

Jambo la kubatizwa lilikuja lenyewe. Pelagia alibatizwa angali msichana, na tangu aolewe alikuwa akienda Sabato na watoto tu, akiulizwa mumewe yuko wapi anasema yuko njiani. Alikwisha choka kumsihi. Jioni moja, wakiwa wanakula, Melkiadi aliweka tonge chini akasema, "Nimechoka kukumbuka nilimwambia nani nini." Baada ya hapo akauliza darasa la ubatizo hufanyika siku gani. Pelagia aliweka mwiko, akatoka nje kana kwamba anafuata kuni, akalia nyuma ya jiko mpaka ukosi wa gauni ukalowa.

Ubatizo ulifanyika siku ya Sabato kwenye mto ulio chini ya Heru Juu, kijijini kwa kina Pelagia. Kwao kuna utaratibu: kila anayeingia majini ana mtu wake ukingoni, ambaye humshikia vitu vyake vya dunia mpaka atoke. Wa Melkiadi alikuwa Immakulata, shangazi yake Pelagia, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Melkiadi alimkabidhi viatu, mkanda, simu, pochi, saa na hata kitana. Immakulata alivifunga vyote kwenye kitenge, akauliza kama ni hivyo tu, naye akajibu ndivyo. Hakuwa anadanganya. Gari la Bi Asmahani alikuwa ameliacha nyuma ya nyumba yao mjini tangu Ijumaa, kwa kuwa mwisho wa juma huruhusiwa kulala nalo, na ufunguo wake, huo mmoja tu ambao gari lilikuja nao kutoka Japani, ulikuwa kwenye kijimfuko cha ndani cha suruali, chini ya joho jeupe. Hakuwa ameugusa kwa muda mrefu kiasi kwamba hakujua tena kama upo.

Mchungaji alimzamisha kwa taabu, kwa maana Melkiadi ana mwili, ikabidi mzee wa kanisa atie mkono. Alipoibuka akikohoa, kwaya ikapokea, na Pelagia aliyekuwa kwenye sauti ya pili alishindwa kuimba. Alisimama tu mdomo wazi, machozi yakimtiririka, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake.

Melkiadi aliugundua ufunguo wakati anabadilisha nguo nyuma ya matete. Immakulata alimwona jinsi uso ulivyomshuka, akamfuata, akaona kile kidude kinachuruzika maji kiganjani. Melkiadi alitaka kumwita mkewe. Shangazi akamkatalia. Alijua vizuri Pelagia angefanya nini: angekaa chini pale pale mtoni, angechomoa bisibisi kwenye mkoba, na siku ya Sabato, siku ya mumewe kuzaliwa upya, watu wangemkuta anafanya kazi. Akamwambia mkwe wake anyamaze hadi Jumapili, ufunguo autie mikononi mwake, yeye ana dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa muhogo. Nyumba nyingi za huku huwa na kikapu cha unga huo wakati wa masika, na kila kinachonyonya unyevu huzikwa humo: viberiti, mbegu za kunde, kadi za kliniki zilizonyeshewa. Mtu akikwambia unga wa muhogo haukaushi, huyo si wa huku. Immakulata aliuzika ufunguo katikati ya kikapu, akausindilia kwa kiganja, akafunika ungo juu. Kisha akaenda kugawa chakula, maana watu walikuwa wengi na sherehe ilikuwa tamu.

Jumapili asubuhi alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda cha Pelagia akiwa ameshika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Melkiadi alikuwa nyuma yake, ameinamisha kichwa kama aliyetumwa sukari akapoteza hela. Pelagia aliliangalia bakuli, akaona kichwa cheusi kinachungulia kwenye unga, na hakuhitaji kuelezwa mengi. Hata hivyo aliuliza.

"Masenge, betri mlitoa?"

Immakulata, ambaye kwao huitwa hivyo kama waitwavyo mashangazi wote, alijibu kwamba hakujua kuwa kitu kile kina betri, yeye aliona ufunguo tu. Pelagia alikaa kwenye kigoda. Akasema wangemwambia jana ileile, angelitoa pale mtoni, Sabato au si Sabato, kwani hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku hiyo hutolewa.

"Ndiyo maana sikukwambia, mwana wanje," shangazi akasema.

Shangazi alikuwa ameuficha kwa upendo, na kwa upendo huo maji na betri vilikaa pamoja mchana kutwa na usiku kucha vikiitafuna bodi. Pelagia alimshukuru, akamtafutia chai, kisha akawasha taa ya mezani.

Kasha lilifunguka kwa ukucha. Ndani hapakuwa na maji tena, dawa ya Immakulata ilikuwa imefanya kazi. Palikuwa na ugali. Unga ulikuwa umepenya kwenye mshono, ukakutana na maji, ukawa uji, uji ukaganda juu ya bodi na kuwa gome jeupe gumu. Kuzunguka betri, gome lilikuwa limegeuka kijani. Melkiadi alichungulia, akauliza kama ni mbaya. Mkewe alimwambia anyamaze kidogo.

Kukwangua hakufai, kwani vipande vya juu ya bodi ni vidogo kuliko chawa na vinang'oka pamoja na gome. Alichovya mswaki laini kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, akalilainisha gome polepole, akalitoa tabaka kwa tabaka. Kisha akaosha kwa spiriti, akasugua ile kijani kwenye miguu ya kishikio cha betri, akaosha tena. Bodi akaianika juani kwenye kipande cha bati, lakini kwanza akaifunika kwa karatasi nyeupe ili jua lisiichome. Melkiadi alikaa kwenye benchi la wateja mikono mapajani. Kwa kawaida angekuwa amekwisha simulia mambo matatu ya kuchekesha. Siku hiyo hakusimulia hata moja, na ukimya wake ulimsumbua Pelagia kuliko kazi yenyewe.

Alimwuliza mumewe Bi Asmahani anasafiri lini. Kesho asubuhi, Melkiadi akajibu, kwenda Kibondo, kuna wanunuzi wanamngoja ghalani. Pelagia alihesabu mwenyewe kimoyomoyo kilichopo. Ufunguo ni mmoja. Ukishindikana, gari halitawaka, na mwingine hauchongwi Kasulu wala Kibondo. Itabidi gari lipakiwe kwenye lori lipelekwe Mwanza. Hakuna bosi anayeweza kumeza hilo akambakiza dereva.

Bodi ilipokauka aliweka betri jipya, wakaenda nyumbani kwenye gari. Alibonyeza kitufe cha kufungulia, na taa za pembeni zikakonyeza, milango ikafunguka. Melkiadi alishusha pumzi. Pelagia hakushusha. Alifunga, akauweka ufunguo mfukoni mwa mumewe, akamwambia ashike kitasa. Kitasa hakikuitikia. Melkiadi alifungua kwa kitufe, akaketi, akakanyaga breki, akausogeza ufunguo mpaka ukagusa kitufe cha kuwashia, kama inavyofanywa betri likiwa limekufa. Kimya. Ufunguo ulikuwa bado na sauti, lakini ulikuwa umepoteza masikio.

Alijua ugonjwa uko wapi. Ndani ya funguo hizo kuna koili ndogo nyeusi ya mraba. Mtu akigusa kitasa, gari huita, na koili ndiyo inayosikia ule wito. Isiposikia, gari humhesabu mwenye ufunguo kuwa mpita njia. Walirudi kibandani. Chini ya lenzi aliona mguu mmoja wa koili umeliwa wote, umebaki doa la kijani, na waya mwembamba kuliko unywele umekatikia ndani. Hiyo haiungiki.

Pelagia ana kopo la maziwa ambamo huweka funguo zilizokufa kabisa. Hazitupi, na watu humcheka kwa hilo. Alilimwaga mezani, akachambua mpaka akapata ufunguo wa gari la aina ile ile, uliosagwa na gurudumu la trekta huko Buhigwe. Ubongo wake ulikuwa umepasuka, lakini koili ilikuwa nzima. Aliipasha moto chini kwa chini ikaachia, akaihamisha kwa kibano, akaishika palepale bila kupumua mpaka risasi ya kuunganishia ikaganda. Mara moja tu alikumbuka maharage yanayopoa, akakaza kibano zaidi.

Safari hii kitasa kiliitikia. Melkiadi alibonyeza kitufe, injini ikaunguruma, naye akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Pelagia alizunguka gari akashika vitasa vyote, kimoja kimoja, vyote vikaitika. Ilikuwa bado mchana. Alijisikia mwepesi kiasi cha kutaka kupiga vigelegele uani.

Walipokuwa wanafunga kasha, alimwambia mumewe jambo ambalo hakulifikiri mara mbili. Alimwambia asimwambie Bi Asmahani. Ufunguo umepona, gari linawaka, hakuna aliyepata hasara, la kusema liko wapi? Melkiadi akasema kwamba jana tu alisimama mbele ya mchungaji akaahidi.

"Mchungaji hakukuuliza habari za ufunguo," Pelagia akasema.

Melkiadi alichukua ufunguo, akautia kwenye kijimfuko kile kile, na jioni hiyo alikula kidogo. Pelagia aliona. Alijiambia ni uchovu.

Jumatatu asubuhi aling'ang'ania kumsindikiza mpaka kwa bosi. Alisema anataka kuiangalia koili kama imeshika, na hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Waliegesha mbele ya geti, na Bi Asmahani akatoka, amejitanda vizuri, harufu ya udi imemtangulia. Aliitikia salamu zao, akamwuliza Pelagia habari za watoto. Melkiadi alimpa ufunguo, maana kwenye safari za mbali ufunguo hukaa kwenye mkoba wa mwenyewe, na gari halijali uko kwa nani mradi uko ndani. Kisha Melkiadi akazunguka nyuma kupakia magunia matupu.

Bi Asmahani hakuutia ufunguo mkobani mara moja. Aliusimamisha mbele ya uso wake. Akausogeza puani. Akaupeleka mbali, akausogeza tena. Pelagia, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, ndipo alipokumbuka kitu ambacho mtu wa kwao hawezi kukikumbuka: unga wa muhogo wa huku ni wa muhogo uliovundikwa, na una harufu yake. Yeye ameila harufu hiyo tangu utotoni, hainusi tena. Alikuwa ameosha bodi kwa spiriti mpaka ikang'aa, lakini kasha alilipangusa kwa kitambaa tu. Kwenye mshono, karibu na tundu la kamba, palikuwa bado na mstari mweupe mwembamba.

Bi Asmahani aliinua macho akamtazama. Pelagia akatazama chini. Wakakaa hivyo, mmoja ameshika ufunguo, mwingine anayachunguza majani, mpaka mlango wa nyuma wa gari ukafungwa na Melkiadi akaja akipangusa mikono. Hakuwa ameona kitu.

"Bi mkubwa," alisema, "kabla hatujaondoka. Huo ufunguo niliingia nao mtoni Jumamosi, nikibatizwa. Nilisahau kuwa ninao. Ulikufa, jana ukatengenezwa, sasa unafanya kazi. Lakini niliingia nao."

Alisema kwa sauti ya kawaida, bila ndama na bila ng'ombe katikati ya barabara. Pelagia hakuwahi kumsikia akisema maneno machache hivyo. Alitaka ardhi immeze, na wakati huo huo alitaka watu wote wa Heru Juu wawe wamesimama pale wamsikie.

Bi Asmahani aliugeuza ufunguo mkononi. Akauliza, taratibu, kama mkewe alijua.

"Hakujua," Melkiadi akasema haraka. "Yeye aliletewa kama kazi nyingine yoyote. Hata hakuuliza ni wa nani, siku hiyo kulikuwa na wateja mpaka barabarani, mmoja alikuja na redio ya babu yake..."

Ilikuwa ile sauti ya zamani, tamu, ya kumshika ndama. Pelagia aliijua tangu neno la pili. Mumewe alikuwa ametoka kwenye uongo wa miaka yote akiwa mzima, na sasa alikuwa anarudi humo kwa miguu yake, kwa ajili yake yeye. Hakuvumilia.

"Nilijua," akasema. "Ni mimi niliyeutengeneza, na ni mimi niliyemwambia anyamaze. Yeye hakutaka."

Melkiadi aligeuka kumtazama mkewe. Bi Asmahani aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa muda, kama anayetazama gunia kabla ya kulifungua kuona kama maharage ya chini ni sawa na ya juu. Pelagia alikuwa tayari ameshamwona Melkiadi kwenye lori, mkono nje ya dirisha, anaondoka.

"Siku nyingine ukienda kuoshwa dhambi," Bi Asmahani akamwambia dereva wake, "ufunguo wangu mwachie mkeo." Akautia mkobani, akabana kifungo. "Si yeye aliyekwisha oshwa zamani?"

Akashika kitasa, mlango ukaitika, akaingia. Hapo alipoketi, Pelagia aliona kwamba mabega ya yule mama yanatikisika, na ilimchukua kitambo kuelewa kuwa anacheka. Melkiadi alimtazama mkewe mara moja kupitia kioo, uso wake umejaa maswali. Alibonyeza kitufe. Injini ikaunguruma, wakaondoka kuelekea barabara ya Kibondo.

Pelagia alirudi sokoni kwa miguu. Aliona aibu, na hakujidanganya kuhusu hilo. Ile kauli ya mwisho ilikuwa imemwingia mpaka mfupani, na ilikuwa haki yake. Miaka yote alikuwa akimwombea mumewe awe mtu wa kweli, na siku alipoupata ukweli wenyewe alitaka kuufunga ndani ya kasha na kulibana skrubu. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachompasha moto, na alipofika kibandani fundi cherehani alimwuliza mbona anatabasamu peke yake.

Mchana simu iliita. Nyuma kulikuwa na kelele za watu na za lori linalorudi nyuma.

"Niko Kibondo," Melkiadi akasema.

Pelagia hakumwomba ampe simu mtu aliye karibu. Alimwuliza kama wamekula, akamwambia jioni atapika maharage, akakata, akarudi kwenye redio aliyokuwa ameifungua.